Mtoto wa Pwani, mtoto wa Ndabibi: msamiati haurithiwi

Kila matokeo ya KCSE yanapotangazwa, barazani kwetu Pwani huzuka swali lile lile. Imekuwaje mtoto aliyezaliwa Mji wa Kale, akalelewa na bibi asiyejua lugha nyingine, apate C ya Kiswahili, na mwenzake wa bara apate A? Wengine huwalaumu wasahihishaji. Wengine husema lugha yetu imeporwa. Afadhali tulieleze jambo lenyewe, kwani tukilielewa tutaweza kulirekebisha kabla ya mtihani ujao.

Tumchukue mtoto wa Ndabibi, magharibi ya Ziwa Naivasha, kaunti ya Nakuru. Nyumbani huenda anazungumza Kikuyu au Kimaasai. Kiswahili hukutana nacho sokoni, kwenye matatu, na kwa majirani waliokuja kutafuta kazi katika mashamba ya maua yaliyo kando ya ziwa. Kiswahili hicho kinatosha kununua na kuuza, hakitoshi kuandika insha. Mtoto mwenyewe analijua hilo. Kwa kuwa hana bibi wa kumuuliza, hushika kitabu na kamusi. Wetu sisi hudhani ameshafika.

Mtihani wenyewe una karatasi tatu: insha, lugha na fasihi. Katika insha, msahihishaji haangalii hoja peke yake. Huangalia pia msamiati, mtindo, sarufi na tahajia. Katika karatasi ya pili, ufahamu una alama 15, ufupisho 15, matumizi ya lugha 40 na isimujamii 10. Huko mtahiniwa huulizwa maana ya neno jinsi lilivyotumiwa katika kifungu, hutofautisha vitate, hutaja visawe na hunyambua vitenzi. Mtu anaweza kuzungumza Kiswahili maisha yake yote asiulizwe hata moja kati ya haya.

Kisha kuna suala la lahaja. Mwaka 1928, katika mkutano uliofanyika hapa hapa Mombasa, Kiunguja kilichaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu. Mwaka 1930 ikaundwa kamati ya kukisimamia katika Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar. Ndiyo maana Mmvita husema ndia, kitabu kikaandika njia. Husema mtele, kitabu kikaandika mchele. Kimvita si makosa, ni lugha yenye mashairi na heshima yake. Lakini mtoto akiandika kwamba rafiki yake "aliteka sana", akikusudia kucheka, msahihishaji atasoma mambo ya kuteka maji au kuteka nyara. Mtoto wa Ndabibi naye ana mtego wake: asipotenganisha l na r, mahali patageuka mahari. Kila mmoja ana kazi ya kufanya, na wa kwetu hajasamehewa.

Basi msamiati hujengwa vipi? La kwanza, neno lisisomwe peke yake, lisomwe na jamaa zake. Chukua funga. Humo mna fungua, fungia, fungwa, fungana, fungasha. Mna mfungo, kifungo, mfungwa na ufunguo. Sisi tunao hata Mfunguo Mosi, mwezi unaofuata Ramadhani. Mwanafunzi aliyejifunza neno moja kwa njia hii amepata maneno kumi, na swali la mnyambuliko amelijibu kabla halijaulizwa.

La pili, neno lishikwe pamoja na maana zake zote. Mbuzi kwa mtoto wa Ndabibi ni mnyama wa malishoni. Mtoto wetu anajua pia mbuzi ya kukunia nazi, ameikalia jikoni mara nyingi. Akiombwa maana mbili za neno hilo, jibu analo tayari. Au chukua vitate fuka na vuka. Aliyekulia karibu na Olkaria, ambako umeme huzalishwa kwa mvuke wa ardhini, ameona ardhi ikifuka. Wa Likoni amevuka kwa feri tangu utotoni. Neno likifungwa na kitu ambacho mtoto amekiona, halitoki.

La tatu, neno lisomwe ndani ya sentensi. Kukariri orodha ya maneno magumu kumewaponza wengi, kwani huyamwaga katika insha mahali yasipostahili. Hata Marekani, mtihani wa SAT wa kuingilia vyuo ulikuwa ukijulikana kwa maneno adimu ambayo wanafunzi waliyakariri kwenye kadi. Ulipofanyiwa marekebisho mwaka 2016, mkazo ukahamia kwenye maana ya neno ndani ya kifungu.

La nne ni kurudia kwa mpango. Mwaka 1885 Mjerumani Hermann Ebbinghaus alichapisha majaribio aliyojifanyia mwenyewe, akaonyesha kwamba mengi tunayojifunza husahaulika upesi sana mwanzoni, na kwamba marudio yaliyopishanishwa kwa siku huhifadhi zaidi kuliko kukesha usiku mmoja. Kwa hiyo daftari la senti chache linatosha. Andika maneno matano kwa siku, kila moja na ngeli yake, jamaa zake na sentensi moja uliyoitunga mwenyewe. Yarudie kesho, kisha baada ya siku tatu, kisha baada ya wiki. Kwa siku tano za shule ni maneno 25 kwa wiki. Muhula wa wiki 12 ukiisha, ni 300.

Kwa nini tusumbuke hivi? Tangu KCSE ya 2023, gredi ya wastani huhesabiwa kwa Hisabati, lugha moja kati ya Kiingereza, Kiswahili na lugha ya ishara, pamoja na masomo mengine matano ambayo mwanafunzi amefanya vizuri zaidi. Kozi ya shahada chuo kikuu hutaka wastani wa C+. Mtoto ambaye Kiingereza kinamlemea anaweza kubebwa na Kiswahili. Kwa wengi wa watoto wetu, huo ndio mlango ulio karibu zaidi. Na muda si mwingi: darasa la mwisho la 8-4-4 linafanya KCSE mwaka 2027.

Mzazi hahitaji digrii kusaidia. Bibi aulizwe maneno ya jikoni, ya harusi, ya dau na tanga. Mtoto ayaandike, kisha afungue kamusi aone Kiswahili sanifu kinayaitaje, na aweke yote mawili ubavu kwa ubavu. La bibi atalitumia nyumbani, la kamusi atalitumia kwenye karatasi. Hapo atakuwa na kitu ambacho mwenzake wa Ndabibi hana: bibi na kitabu pamoja. Kwa sasa mwenzake ana kitabu tu, na bado anamshinda.