Mbuni mwitu wa Kwale: kahawa isiyo na kafeini iliyo msituni mwetu

Mpwani hahitaji kufundishwa kahawa. Dele juu ya makaa, vikombe vidogo, kashata au tende pembeni, na mazungumzo ya barazani baada ya Magharibi: hayo tumezaliwa tukayakuta. Lakini buni zinazopikwa humo hutoka bara au ng'ambo ya mpaka, na wengi wetu tumekua tukiamini kwamba kahawa ni zao la nchi za baridi, huku Pwani ikiwa ni ya minazi, mikorosho na miembe. Hiyo ni nusu ya habari. Katika misitu ya Kwale, chini ya miti mikubwa ya Shimba, huota mbuni wa asili ambao haukupandwa na mtu. Na buni zake hazina kafeini.

Wataalamu wa mimea huuita Coffea pseudozanguebariae. Jina ni refu, lakini limebeba historia yetu. Zanguebar ni namna Wazungu wa zamani walivyoliandika jina la mwambao huu, lile lile lililobaki katika neno Zanzibar. Mwaka 1790 Mreno João de Loureiro aliupa mbuni mmoja wa Afrika Mashariki jina la Coffea zanguebariae, na baadaye mibuni mwitu ya Kenya nayo ikatiwa katika jina hilo hilo. Ilipofika 1982, Diane Bridson wa bustani ya mimea ya Kew, jijini London, alionyesha kuwa huu wetu ni mti mwingine. Akaongeza neno pseudo mbele, yaani "wa uongo": unafanana na ule wa kwanza, lakini sio.

Ukiuona msituni huenda ukaupita bila kuujali. Ni kichaka au mti mdogo wa mita chache, wenye matawi membamba na majani yaliyokaa mawili mawili, moja likielekeana na jingine. Maua yake ni meupe kama asumini, na huchanua kwa pamoja siku chache baada ya mvua kunyesha, kisha hunyauka upesi. Tunda likiiva haliwi jekundu kama la kahawa ya mashambani. Huwa la zambarau iliyokolea, karibu na nyeusi. Ndani mna buni mbili, ndogo kuliko zile tuzijuazo.

Tabia zake zimefuata majira ya Pwani. Kiangazi kikikaza, mti hupukutisha majani ili usipoteze maji, kisha huchipua tena mvua zikirudi. Matunda nayo yana haraka: huchukua miezi 2 hadi 3 tu tangu ua mpaka kuiva, ilhali arabika, kahawa ya milimani, huweza kuchukua miezi 8 au 9. Mti wa mwambao hauna anasa ya kungoja. Lazima ulee mbegu zake kabla unyevu haujakauka ardhini.

Jambo lililoufanya ujulikane ulimwenguni ni lile la kafeini. Kafeini ndiyo inayomkesha mnywaji na kuuenda mbio moyo wake. Kwa mti wenyewe ni silaha, kwani huwafukuza wadudu. Gramu 100 za buni kavu za arabika huwa na kafeini ya takriban gramu 1.2, na robusta, kahawa ya nyanda za chini inayolimwa sana Uganda, hupita gramu 2. Mbuni wa Kwale hauna. Si wa pekee duniani, kwa kuwa mibuni mingi ya mwitu ya Madagaska nayo haina au ina kidogo mno, lakini katika bara la Afrika ni nadra.

Wapo watu wengi wanaopenda kahawa ila haiwapendi: huwanyima usingizi, au daktari amewaambia wapunguze. Kwa ajili yao viwanda huondoa kafeini kwenye buni, kazi iliyoanza mwanzoni mwa karne ya 20 kule Bremen, Ujerumani. Buni hulainishwa kwa mvuke au maji, kisha kafeini hutolewa kwa maji, kwa kemikali au kwa hewa ya kaboni iliyoshindiliwa kwa nguvu. Ni kazi ya gharama, na huondoka na sehemu ya ladha. Mti unaozaa buni zisizo na kafeini tangu mwanzo ungeondoa safari yote hiyo.

Mbona basi hauuzwi? Kwa sababu buni zake ni chungu mno. Kafeini haimo, lakini mna kitu kingine kichungu ambacho wakemia wamekitenga na kukichunguza, na uchungu wake si ule wa kahawa tungu ya barazani. Kwa hiyo asije mtu akaingia msituni na kikapu. Thamani ya mbuni huu haiko kikombeni, iko katika mbegu na damu yake. Watafiti waliuzalisha na mbuni wa jamii ya Liberia, wakaona kwamba kukosa kafeini kunategemea hasa jeni moja, tabia ambayo mzazi anaweza kuirithisha. Kuihamishia kwa arabika ni kazi ngumu, kwani arabika ina kromosomu 44 na mbuni wetu una 22. Hata hivyo mlango umeonekana, na si kwa kafeini peke yake. Mti unaostahimili joto la Pwani, unaojua kungoja mvua na kuivisha matunda kwa miezi michache, una mengi ya kuwafunza wakulima ambao hali ya hewa inawageukia.

Hapa ndipo penye hatari. Mbegu za mahindi unaweza kuzikausha, ukaziweka kwenye baridi, na miaka mingi baadaye zikaota. Buni hazivumilii hivyo, hufa. Ndiyo maana mkusanyo wa mibuni huhifadhiwa kama miti hai shambani, na ghala kubwa kuliko yote ni msitu wenyewe. Mwaka 2019 watafiti wa Kew walitangaza kuwa kati ya aina 124 za mibuni ya mwitu, 75 zimo hatarini kutoweka. Kila tanuri la makaa linalochimbwa ndani ya msitu wa Pwani, na kila kipande kinachofyekwa kwa shamba jipya, hupunguza ghala hilo. Shimba tunaijua kwa palahala wake na kwa chemchemi za Marere zinazoinywesha Mombasa. Tuiongezee na hili.

Kuna pia suala la haki. Katika miaka ya 1970 watafiti Wafaransa walizunguka Kenya wakikusanya mibuni mwitu, na miche yake ikapelekwa kukuzwa Cote d'Ivoire. Elimu kubwa tuliyo nayo leo juu ya mti huu imetokana na safari hiyo, na ni elimu ya manufaa. Ila ni wangapi Kwale waliowahi kuambiwa? Kifungu cha 11 cha Katiba ya 2010 kinalitaka Bunge litunge sheria za kutambua na kulinda umiliki wa mbegu na mimea ya asili, pamoja na matumizi yake kwa jamii za Kenya. Lakini huwezi kudai haki ya kitu usichokijua jina.

Hatuanzi na mikono mitupu. Wazee wa kaya wamelinda misitu kwa miiko karne na karne, na mwaka 2008 UNESCO ikaitambua misitu hiyo kuwa urithi wa dunia. Chuo Kikuu cha Pwani kiko Kilifi, karibu na misitu yenyewe. Kaunti ina maafisa wa mazingira, na vijiji vina vikundi vya kina mama wanaootesha miche ya kuuza. Wakikutanishwa hawa, mbuni mwitu unaweza kuhesabiwa mahali ulipo, ukaoteshwa kwenye vitalu kwa kibali, ukapandwa katika viwanja vya shule ili watoto wauone kwa macho.

Taita nao wana hadithi kama hii. Mwaka 1893 wamishonari Wafaransa walipanda kahawa ya kigeni Bura, na vitabu vikaandika kuwa hapo ndipo kahawa ilipoingia Kenya. Wakati huo vilima vya Taita tayari vilikuwa na mbuni wao wa mwitu, ambao leo huitwa Coffea fadenii. Ya kigeni ilipata shamba, mbolea na soko. Ya asili haikupata hata jina kwa karibu miaka 90.