Sauti Imehamia Intaneti, Pesa Bado Inapita Njia ya Zamani

Dalali wa mahindi Gairo akitaka kumshawishi mnunuzi wa Dar es Salaam, humpigia kwa WhatsApp na kugeuza kamera ili amwonyeshe punje. Wakikubaliana bei, wanakata simu, na mnunuzi anapiga *150*00# ya M-Pesa: namba ya mpokeaji, kiasi, namba ya siri, basi. Mazungumzo yamepita intaneti. Malipo yamepita kwenye mfumo uliobuniwa miaka ya 1970, kabla simu ya mkononi haijafika nchini.

Mafundi wanauita SS7, mfumo wa ishara namba 7. Wenyewe haubebi sauti. Ni mshenga: hutangulia kuuliza namba unayoitafuta iko eneo gani, imewashwa au imezimwa, inatumika au iko huru, majibu yakirudi ndipo njia ya sauti inapofunguliwa. Awali ishara na sauti zilichangia njia moja, na huko Marekani wajanja wakagundua kwamba mlio wa hezi 2,600 unatosha kuihadaa mitambo na kupiga simu za mbali bure. SS7 ikazipa ishara njia yake pekee.

Njia hiyo ya pembeni ndiyo iliyokuja kuwabeba watu wa kipato cha chini. Ukimbipu ndugu yako aliye Nongwe, huko milimani, simu inaita, unakata, naye ameshaelewa; salio halijaguswa kwa sababu ishara tu ndizo zilizosafiri. SMS nayo ina herufi 160 kwa kuwa ilibanwa kwenye nafasi iliyobaki katika njia hiyohiyo. Kisha zikaja menyu za nyota na reli, yaani USSD, na M-Pesa ilipoanza Tanzania mwaka 2008 ilijengwa juu yake. Haihitaji bando wala simu janja. Kitochi kilichofutika namba kwenye vitufe kinatosha, na mawakala wengi bado wanafanya kazi kwa vitochi vya namna hiyo, kila mtandao na simu yake.

Unaweza kuliona jambo hili kwa macho. Piga menyu ya pesa huku ukitazama juu ya kioo: kwenye simu nyingi 4G hupotea, ikaja H au E, alama za 3G na 2G, na menyu ikifungwa 4G inarudi. Mtandao wa 4G ni intaneti tupu. Ishara zake ni za itifaki nyingine, Diameter na SIP. Simu imelazimika kuteremka kuifuata menyu ilipo.

Sasa mitambo hiyo ya zamani inayotegemea SS7 inazimwa. AT&T ya Marekani ilizima 2G mwaka 2017, na Uingereza imejiwekea mwisho wa 2033. Sioni sababu ya kuililia SS7. Ilijengwa kwa ajili ya mashirika machache yaliyoaminiana, kwa hiyo haikuwekewa namna ya kumhakiki anayeuliza. Desemba 2014, Tobias Engel na Karsten Nohl walionyesha mjini Hamburg jinsi mtu wa mbali anavyoweza kuitumia kujua mahali ulipo na kunasa simu zako. Mwaka 2017 ikabainika Ujerumani kwamba wezi wameelekeza kwao SMS za uthibitisho wa benki na kukomba akaunti.

Ninachokipigania ni mpangilio. USSD inaweza kupita juu ya 4G, viwango vyake vya kiufundi vipo, na vitochi vya 4G vinauzwa. Hivyo vitangulie, pamoja na minara ya 4G milimani, na Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote usihesabu mnara wa 2G pekee kama kazi iliyokwisha. 2G ikizimwa kabla ya hapo, mkulima wa maharage wa huko milimani hatapoteza simu tu, atapoteza na pochi yake.

Hata aliyehamia intaneti hajaachana na SS7: akifungua WhatsApp kwenye simu mpya, namba ya uthibitisho kwa kawaida humjia kwa SMS. Ingia kwenye mipangilio, uwashe uthibitishaji wa hatua mbili na uweke namba ya siri yako mwenyewe. Hiyo haitumwi kwa SMS, kwa hiyo anayenasa ujumbe wako hataipata.