Kabla ya kununua homu thieta, tuhesabu gharama yote



Jioni moja, baada ya ibada ya katikati ya juma, ndugu mmoja wa parokia yetu hapa Goma alibaki nyuma na mke wake ili tuzungumze. Alikuwa amepokea zamu yake ya likelemba, dola 400 mkononi, na tayari alikuwa amepita Birere kuangalia homu thieta, ile seti ya spika tano na sabufa moja inayoifanya televisheni ya sebuleni itoe sauti kama ya sinema. Muuzaji alimtajia dola 180.

«Mchungaji, zinabaki 220,» alituambia. «Shida iko wapi?»

Mama hakujibu. Alitoa kwenye mkoba wake karatasi ya shule ya watoto wawili, minervali ya muhula wa kwanza, dola 90, akaiweka mezani.

Tunaandika habari hii, kwa ruhusa yao, kwa sababu mazungumzo ya namna hiyo yametufikia zaidi ya mara moja, na kila mara tunaona jambo lile lile: bei tunaijua, gharama hatuijui. Bwana wetu katika Luka 14:28 alisema juu ya mtu anayetaka kujenga mnara, kwamba huketi kwanza akapiga hesabu. Basi nasi tuliketi, tukaomba, tukachukua kalamu.

Tulianza kwa kumwambia ndugu kwamba hatuoni dhambi katika tamaa yake. Alikuwa na sababu nzuri. Vijana wake wawili walikuwa wakienda kwenye vibanda vya vidio, na wanarudi giza limeingia. Katika mji wetu sote tunajua maana ya mtoto ambaye hajarudi na saa moja ya usiku imepita. Baba anayetaka watoto wake wacheke pamoja naye ndani ya nyumba hastahili kukemewa. Wako wahubiri wanaokemea kila chombo chenye waya, halafu wao wenyewe huhubiri kwa maikrofoni.

Kisha tukauliza juu ya zile dola 400. Likelemba yao ina watu kumi, kila mtu anatoa dola 40 kwa mwezi. Ndugu alikuwa wa tatu kupokea. Maana yake, kufikia siku ile alikuwa ametoa dola 120 za kwake. Zile nyingine 280 ni za wenzake, naye atazirudisha 40 kwa 40 katika miezi saba inayokuja. Alikaa kimya kidogo aliposikia hivyo. Mtu anayepokea mwisho anapokea akiba yake. Anayepokea mwanzoni anapokea mkopo. Ni mkopo mwema, hauna riba, lakini ni mkopo. Wengi wetu tunaipokea likelemba kama zawadi iliyoshuka kutoka mbinguni, na mwezi wa tano tunaanza kuwakwepa wenzetu barabarani. Tumeshuhudia urafiki wa miaka mingi, hata ndani ya kwaya, ukivunjika kwa njia hiyo.

Baada ya hapo tukaigeukia mashine yenyewe.

Juu ya sanduku kulikuwa kumeandikwa wati 1,000. Msidanganywe na tarakimu ya sandukuni. Geuzeni mashine, msome kibandiko cha nyuma, pale palipoandikwa volti na wati. Ya ndugu yetu ilisema wati 60. Chombo hakiwezi kutoa nguvu saa nzima kuliko ile inayoingia kwa waya wake. Tarakimu kubwa ya mbele ni ya kuuzia. Pia angalieni kama imeandikwa 220 hadi 240. Mashine iliyotengenezwa kwa soko la Marekani hutaka 110, na ukiichomeka ukutani hapa kwetu utaiona ikifuka moshi.

Jambo lingine ambalo muuzaji halisemi ni kwamba spika za nyuma zina kazi pale tu ambapo sauti yenyewe imerekodiwa kwa njia sita. Filamu nyingi za DVD zimerekodiwa hivyo. Nyimbo za simuni huwa na njia mbili tu, kushoto na kulia, na vipindi vingi vya televisheni vivyo hivyo. Kwa mambo hayo spika za nyuma hukaa kimya au hurudia yale ya mbele. Tulimwuliza ndugu, katika juma zima mnaangalia filamu ya DVD mara ngapi? Alisema labda mara moja. Siku nyingine ni habari, mpira na kwaya.

Sasa umeme. Nyumba yao ina mita ya kulipia kabla, ya umeme unaotoka kwenye maji ya Virunga. Mtambo wa Matebe, wa megawati 13.6, ulizinduliwa Desemba 2015, na umebadilisha maisha ya kartye nyingi za mji wetu. Tulipiga hesabu hivi: televisheni wati 80, homu thieta 60, dekoda au mashine ya DVD 15, jumla wati 155. Filamu ya saa tatu itakula wati-saa 465, yaani karibu nusu ya uniti. Mkifanya hivyo jioni nne kwa juma, ni uniti saba na nusu hivi kwa mwezi. Hapo ndugu alitabasamu, na kweli, umeme wa mita si mzigo mkubwa kwa chombo cha aina hii. Kinachokula zaidi ni pasi na jiko la umeme.

Shida huja umeme unapokatika na kurudi. Hapa tukiri kosa letu. Miaka iliyopita parokia ilinunua mashine ya kukuza sauti kwa sadaka ya akina mama. Tukaona kifaa cha kusawazisha umeme ni ghali, tukasema tutanunua mwezi ujao. Jumamosi moja, katika mazoezi ya kwaya, umeme ulikatika, ukarudi kwa kishindo, na tukasikia harufu ya kuungua kabla hata hatujafika kwenye soketi. Fundi aliifungua, akaifunga tena, akatikisa kichwa. Kusimama mbele ya mama wale na kueleza kilichotokea kulikuwa kugumu kuliko mahubiri yoyote. Tangu siku hiyo tunasema: kifaa cha kusawazisha umeme ni sehemu ya bei ya mashine. Kama fedha haitoshi vyote viwili, haitoshi mashine. Na umeme ukikatika, chomoeni waya, msubiri dakika kadhaa baada ya taa kurudi ndipo mwashe.

Wengi wanaosoma hapa hawana mita. Mko Ndosho juu, mko Sake, mko Minova, mnatumia paneli ya jua. Kwenu hesabu ni kali zaidi. Betri ya volti 12 yenye ampea-saa 100 inabeba wati-saa 1,200. Lakini betri ya risasi ikizoeshwa kushuka chini ya nusu hufa mapema, kwa hiyo mnazo kama 600 za kutumia salama. Filamu ile ya saa tatu inataka 465, na inveta nayo hupoteza kidogo, tuseme 530. Filamu moja imemaliza usiku wenu: hakuna taa ya mtoto kusoma, hakuna ya kuchaji simu. Na paneli ya wati 100, ikipata saa nne za jua zuri, inarudisha wati-saa 400 au pungufu. Katika miezi ya mvua hapa kwetu, saa nne za jua zuri ni neema. Kwa hiyo anayetaka homu thieta ya jua ajue kwamba ananunua paneli ya pili na betri ya pili pia.

Ndugu alitaka mfumo wa jua pia, kwa siku umeme unapokosekana. Karatasi yake ikawa hivi: mashine 180, kifaa cha kusawazisha umeme 35, waya na rallonge 12, kabati dogo la seremala 30, mota ya kuileta nyumbani 3. Hizo ni 260. Paneli, betri na inveta vya mkono wa pili alikuwa ameambiwa 220. Jumla dola 480. Alikuja kwetu akisema zitabaki 220, na sasa zilipungua 80, kabla ya minervali, na 280 za watu zingali zinamngoja. Bei hizi ni za karatasi yake. Zenu zitakuwa nyingine. Ila jumla, karibu kila mara, huzidi sana tarakimu ya kwanza.

Kuna pia matundu madogo ambayo hayaandikwi. Bei ni ya dola, lakini yeye hulipwa kwa franga, na kati ya siku ya kupewa bei na siku ya kununua dola huweza kupanda. Noti yenye mpasuko mdogo muuzaji anaikataa. Na tangu benki zilipofunga matawi yao hapa mjini mwishoni mwa Januari 2025, fedha nyingi zinapita kwenye simu, na kuzitoa kuna makato. Wekeni kitu pembeni kwa ajili ya hayo.

Mama alizungumza mara mbili tu jioni ile. Mara ya kwanza ilikuwa juu ya jirani. Nyumba yao ni ya mbao, kama nyumba nyingi hapa juu ya mawe ya volkano, na kati ya ukuta wao na wa jirani mtu mmoja hupita kwa ubavu. Sauti nyembamba mbao huizuia kidogo. Mdundo wa sabufa hauzuiliki, unapita kama hakuna ukuta. «Jirani yetu ni mjane,» alisema, «na mwezi uliopita walikuwa kwenye matanga.» Tulishauri sabufa isiwekwe kwenye kona wala kugusa ukuta, kwa sababu kona huongeza mdundo, na chini yake kiwekwe kipande cha godoro au zulia nene. Pazia zito na mkeka hupunguza mwangwi kwa fedha kidogo sana. Na kukiwa na msiba karibu, izimwe kabisa. Hilo halihitaji hesabu.

Mara ya pili alisema juu ya kukimbia. Tarehe 22 Mei 2021, Nyiragongo ilipolipuka jioni, walitoka na watoto na godoro moja. Siku tano baadaye, amri ya kuhama ilipotolewa, walitoka tena, wakatembea hadi Sake. Wazee wa parokia wanakumbuka pia Januari 2002, lava ilipopita katikati ya mji. Na ya Januari 2025 hatuhitaji kumsimulia mtu. «Kila tukitoka,» mama alisema, «tunabeba kinachobebeka. Spika tano nitazibebea wapi?»

Ndugu alimjibu kwa upole kwamba kama tutanunua tu vitu vya kukimbia navyo, tutaishi wakimbizi hata siku za amani. Tukiwa wachungaji tulijikuta tunakubaliana na wote wawili. Mtu anapanda muhogo juu ya udongo huu huu, anajenga, anaoza binti yake, anajua mlima uko pale. Lakini pia kuna tofauti kati ya kupoteza kitu ulichokilipia na kupoteza kitu ambacho bado unakidaiwa. Wa kwanza analia siku moja. Wa pili analia, kisha anaendelea kulipa dola 40 kila mwezi kwa ajili ya chombo kisichokuwapo.

Kwa hiyo ushauri wetu ulikuwa mfupi. Minervali kwanza. Michango ya likelemba ihesabiwe kama imekwisha kutumika. Kwa kinachobaki, wanunue hatua kwa hatua: spika moja ndefu ya kuweka chini ya televisheni, yenye sabufa ndogo, pamoja na kifaa cha kusawazisha umeme. Mfumo wa jua usubiri. Na kabla ya kulipa, ndugu aombe mashine iwashwe pale dukani kwa nusu saa nzima, kwa wimbo anaoujua vizuri, aguse nyuma kama inachemka kupita kiasi, na adai risiti yenye muhuri.

Alirudi baada ya siku kumi. Spika ndefu aliipata kwa 70, kifaa cha umeme kwa 35. Shule ililipwa 90. Zilibaki 205, ambazo ni michango ya miezi mitano ya likelemba na dola tano juu, naye alikuwa na miwili tu ya kutafuta kutoka kwenye mshahara. Filamu ya kwanza waliangalia Jumapili jioni, na mtoto wa yule mjane alikuja kukaa mkekani pamoja na wengine.

Alituuliza kama mwakani anaweza kufikiria spika za nyuma. Mama, aliyekuwa amezifunga zile 205 kwenye kona ya kitenge chake, alijibu kabla yetu: «Tukimaliza mwezi wa saba, Baba watoto, tutaketi tena.»