Umemtoa msee kwa mradi na bado anaingia? Cheki alirithi wapi

Jamaa wa atachi amemaliza miezi yake mitatu, mkampigia picha ya kwaheri, mkamtoa kwa mradi wenu wa GitLab. Wiki mbili baadaye unacheki orodha, jina lake bado liko. Hapana, hajahaki mtu. Mlimtoa mlango mdogo, na yeye alikuwa na ufunguo wa geti.

GitLab imepangwa kama ploti. Juu kuna grupu, ndani yake grupu ndogo (zinaweza kushuka hadi ngazi 20), halafu chini ndiyo kuna miradi yenye msimbo. Ukiongezwa kwa grupu ya juu, kila keja ndani inakufungukia. Hata ile itajengwa mwaka ujao! Hapo ndipo mbogi nyingi hulala: unaanzisha mradi mpya leo, unadhani uko peke yako, kumbe kila msee wa grupu tayari yuko ndani.

Noma zaidi, cheo hakishuki. Msee akiwa Developer kwa grupu, huwezi kumfanya Guest kwa ule mradi mmoja wa siri. Unaweza tu kumpandisha, labda awe Maintainer. Kwa hivyo ile story ya "tumuongeze juu kwanza, tutampunguzia baadaye" ni hewa.

Mabuda waliozoea Subversion ndio hushikwa hapa sana. Kule pia ruhusa hurithiwa kutoka folda ya juu, lakini sheria iliyo karibu zaidi na faili ndiyo hushinda, so unaweza kufunga folda moja na zingine zibaki wazi. GitLab haina hiyo huruma.

Na si mambo ya utaratibu tu. Developer anasoma msimbo wote. Kama kuna mtu wenu aliacha funguo za Daraja, zile za kuunganisha M-Pesa, ndani ya faili, basi jamaa wa atachi ameziona. Hiyo ni doo ya klayenti.

Kujua rada ni rahisi. Fungua ukurasa wa wanachama wa mradi. Kando ya jina GitLab inakuonyesha chanzo: aliongezwa hapo hapo, au alirithi, na kutoka grupu gani. Kama alirithi, usisumbuke hapo. Owner wa hiyo grupu ndiye atamtoa huko juu. Mwingine akija, muongeze chini, kwa mradi anaofanyia kazi pekee, na uweke tarehe ya kuisha. Siku ikifika mfumo unamtoa wenyewe, hata kama bosi ameenda ocha.

Lakini kumtoa hakufuti alichobeba. Git humpa anayekopi mradi historia yake pia, na hiyo iko kwa laptopu yake sahii. Ufunguo mliofuta kwa faili mwezi jana bado unasomeka humo. So siku msee anaondoka, funguo zote alizoziona zibadilishwe siku hiyo hiyo, kabla hata ya keki.