Maji Yakichemka Longonot

Maji yanayochemshwa kwenye ukingo wa kreta ya Longonot, mita 2,776 juu ya usawa wa bahari, huanza kutokota yakiwa na nyuzijoto 91 hivi. Chini Naivasha, penye mwinuko wa karibu mita 1,900, hutokota kwa nyuzi 94. Ndiyo maana githeri ya huku hula makaa mengi kuliko ya Mombasa, ambako maji hufika 100. Kila mpishi wa Bonde la Ufa analijua hilo. Linalojulikana na wachache ni kwamba nyuzi hizo sita zinazopungua zinahusu pia sumu kali kuliko karibu zote ambazo sayansi imewahi kuzipima.

Sumu hiyo hutengenezwa na bakteria aitwaye Clostridium botulinum, mkazi wa udongo karibu kila pembe ya dunia. Mazingira yakimwia magumu, hujifungia ndani ya ganda gumu liitwalo spora, akalala humo miaka. Spora haifi kwa kuchemshwa, hata sufuria ikae jikoni saa kadhaa. Viwanda vya vyakula vya mikebe huziua kwa mvuke wa shinikizo wenye nyuzi 121, joto ambalo sufuria ya kawaida haiwezi kulifikia, iwe Lamu au Longonot.

Kwa mtu mzima mwenye afya, kumeza spora chache si jambo la kuogofya. Twazimeza na vumbi la karoti. Kwa mtoto wa chini ya mwaka mmoja ni tofauti, kwani zinaweza kuota ndani ya utumbo wake, na ndiyo sababu hapaswi kulambishwa asali, ambayo huweza kuzibeba. Hatari kwa sisi wengine huanzia pale chakula kinapofungiwa mahali pasipo hewa, kikiwa na unyevu, kikakosa ukali wa kutosha wa asidi au chumvi, na kikaachwa kwenye joto la chumba. Hapo spora huamka, bakteria huzaana na kumwaga sumu. Mara nyingi chakula hakibadiliki harufu, rangi wala ladha.

Kenya imekwisha kuonja uchungu wa sumu hiyo. Mwaka 1979 madaktari waliripoti katika jarida la magonjwa ya nchi za joto mlipuko wa botulizimu, yaani ugonjwa uletwao na sumu hiyo, miongoni mwa wafugaji wa kuhamahama nchini, na maziwa yaliyoganda ndiyo yaliyotuhumiwa. Mwaka uliofuata, British Medical Journal ilichapisha kisa kingine cha Kenya: safari hii chanzo kilikuwa kumbikumbi. Kumbikumbi wabichi waliofungwa ndani ya plastiki huishiwa hewa upesi, nao wametoka udongoni moja kwa moja, zilipo spora.

Kisa kinachonisumbua zaidi ni cha Uganda. Oktoba 2008, wanafunzi watatu wa shule ya bweni walilazwa hospitalini wakiwa wamelegea viungo, na mmoja akafariki. Vipimo vilithibitisha sumu ya aina A. Wote watatu walikuwa wamekula kiungo cha mafuta kilichotengenezwa nyumbani, na wachunguzi wakakiona hicho kuwa chanzo chenye uwezekano mkubwa. Mzazi gani huku kwetu hajamfungia mwanawe kikopo cha pilipili iliyokaangwa na kitunguu saumu arudi nacho shuleni? Kitunguu saumu kimetoka ardhini, mafuta yamekifunika hewa isikifikie, kikopo kimekaa kwenye sanduku la bati wiki nzima.

Sumu ikishaingia mwilini hushika ncha za neva na kuzuia kemikali inayoiamuru misuli ikaze. (Madaktari huitumia hiyohiyo kwa kipimo kidogo mno kulegeza misuli ya jicho, na wanaotafuta urembo huiita Botox.) Dalili huja aghalabu kati ya saa 12 na 36, japo zinaweza kuchelewa siku kadhaa. Kope huanguka, mtu huona vitu viwili viwili, kinywa hukauka, maneno humtoka kama mlevi, kumeza humshinda. Kisha udhaifu hushuka mabegani, mikononi, kifuani. Hana homa, na akili yake iko timamu: anasikia kila neno lisemwalo kando ya kitanda chake. Dawa ya kupinga sumu huizuia isiendelee, lakini haiponyi neva zilizokwisha kushikwa. Mgonjwa huenda akahitaji mashine ya kupumulia kwa wiki au miezi.

Wazee wetu hawakuwa wajinga. Maziwa lala yakichachuka sawasawa huwa na asidi ambayo bakteria huyu haivumilii. Mashaka yapo kwa yale yaliyochachuka nusunusu. Nyirinyiri hudumu ndani ya samli kwa sababu nyama hukaangwa hadi maji yote yaishe. Anayeharakisha akatia nyama yenye majimaji chini ya mafuta ameacha nusu ya utaalamu.

Tofauti na sumukuvu ya mahindi, iliyoua watu 125 mashariki mwa Kenya mwaka 2004 na ambayo jiko haliiondoi, sumu ya botulizimu huharibiwa na moto. Kanuni ya chakula kilichohifadhiwa nyumbani kwenye chombo kisichopitisha hewa ni kukitokosa dakika 10, na kuongeza dakika moja kwa kila mita 300 za mwinuko. Kwa Naivasha ni dakika 16 au 17, ukikoroga ili joto lifike katikati. Kikopo kilichovimba usikionje hata kwa ncha ya ulimi; kitupe mbali na watoto na mbwa.

Na ukimwona mtu kope zimemwanguka na ulimi umekuwa mzito, usingoje asubuhi. Mpeleke hospitali, beba chakula kilichobaki, umweleze daktari alichokila siku zilizopita na kilihifadhiwa vipi.