Makavazi na Nakala Rudufu
Makavazi si nakala rudufu, ingawa wengi wetu huvichukulia kuwa kitu kimoja. Tutazame Todo.txt, programu ya kuorodhesha kazi aliyoibuni Gina Trapani mwaka wa 2006. Mtafiti akikamilisha mahojiano nyanjani, kazi hiyo hutiwa herufi x, kisha huhamishwa kutoka faili ya todo.txt hadi done.txt. Hayo ndiyo makavazi: orodha hupungua, historia ya utafiti husalia. Hata hivyo, kazi imehamishwa tu, haikurudufiwa. Faili zote mbili zimo katika tarakilishi ile ile, na mwizi hachagui. Nakala rudufu sharti ikae kwenye kifaa kingine, tena ziwepo kadhaa za tarehe mbalimbali, maana nakala ya leo hubeba hata makosa ya leo. Aidha, ifunguliwe mara kwa mara kuhakikisha kwamba inasomeka, jambo ambalo wengi, nami nikiwamo, hulipuuza.