Shehena Si Safari

Mazungumzo ya redio. Somo: Matendo ya Mitume 27



Ndugu zetu wa Msambweni, Gasi na Shimoni wanaijua vema kusi. Tangu Aprili hivi hadi Septemba upepo huo huvuma kutoka kusini, bahari huchafuka, na mwenye mtumbwi au ngalawa hathubutu kutoka nje ya mwamba. Huvua ndani, akapata kidogo, au huketi pwani akishona nyavu zake. Je, tuseme mtu huyo ameacha uvuvi? Hasha! Anajua kwamba kaskazi itarudi, naye ataka imkute ana nyavu nzima. Haugombezi upepo, wala hauzi chombo chake.

Lakini katika mambo mengine ya maisha twaona vigumu kuwa kama mvuvi huyo. Kwale yetu imepigwa na kusi nyingi. Wazee wanakumbuka mwaka 1988, kiwanda cha sukari cha Ramisi kilipofungwa. Mwaka 2020 ugonjwa wa korona ulipofunga hoteli za Diani, wapishi, madereva na wauza vinyago walirudi nyumbani mikono mitupu. Na mwezi wa Desemba 2024 mgodi wa titani, ulioanza kazi mwaka 2013, ulimaliza uchimbaji wake. Nyuma ya kila tarehe kama hizo kuna mtu aliyekuwa na shabaha. Mmoja alikuwa amefikisha nyumba yake kwenye linta. Mwingine alikuwa akimlipia mdogo wake karo ya chuo.

Nasi wachungaji tumeketi barazani na watu wa namna hiyo, na tumewaona wakishika njia mbili. Wengine hukasirika, wakamkasirikia Mungu, wakawakasirikia wake zao, wakaishia kilabuni. Wengine husema, "Ndiyo mapenzi ya Mungu," wakakunja mikono wasijaribu tena neno lolote. Wale wa kwanza twawahurumia kwamba wamepotea. Hawa wa pili twawasifu kwa imani yao. Lakini je, sifa hiyo ni ya haki? Tuchunguze Neno la Mungu.

Mtume Paulo alikuwa na shabaha ya kufika Rumi. Katika barua yake kwa Warumi, sura ya 1 na sura ya 15, anawaeleza kwamba amekusudia mara nyingi kwenda kwao, akazuiliwa, na kwamba akishawaona ataka kuendelea mpaka Hispania. Basi ikawaje? Alikamatwa Yerusalemu. Alifungwa Kaisaria miaka miwili. Hatimaye alipotiwa chomboni kwenda Rumi, alikwenda akiwa mfungwa. Kisha dhoruba ikawapiga, wasione jua wala nyota siku nyingi. Kwanza wakatupa shehena baharini. Siku ya tatu wakatupa vyombo vya merikebu. Mwisho wakatupa hata ngano. Kisha merikebu yenyewe ikakwama na kuvunjika, na watu wote 276 wakafika pwani, wengine kwa kuogelea, wengine juu ya mbao. Walikaa kisiwani Malta miezi mitatu. Ndipo Paulo akafika Rumi.

Angalieni, wapendwa. Shehena ilipotea, ngano ilipotea, merikebu ilipotea, lakini safari haikupotea. Shehena si safari. Mara nyingi sisi hulia kana kwamba safari imekwisha, kumbe kilichozama ni shehena.

Tena angalieni utulivu wa Paulo ulivyokuwa. Haukuwa utulivu wa mtu aliyelala. Kabla ya kuondoka aliwaonya juu ya hatari. Mabaharia walipotaka kutoroka kwa mashua, aliwazuia. Aliwasihi wale chakula, akamshukuru Mungu mbele yao akala kwanza yeye. Hata walipofika pwani wakiwa wamelowa, tunamkuta akikusanya kuni. Alitulia kwa sababu alijua yeye ni wa nani, na kwa kuwa alitulia, mikono yake ilikuwa huru kufanya kazi.

Basi, tufanye nini kusi inapotupiga? Tunaona mambo matatu.

Kwanza, tutenganishe shehena na safari. Kazi ya mgodini ilikuwa shehena njema, na si dhambi kuisikitikia. Lakini tukae chini, mume na mkewe, na karatasi na kalamu, tuulize: Hasa tulikuwa tukitafuta nini? Kama ni watoto kusoma na nyumba kulishwa kwa njia ya halali, safari hiyo ingalipo. Pengine itakwenda polepole. Pengine nyumba itakaa kwenye linta miaka mitatu, na aliyekuwa akitoka na sare ya kampuni atatoka na jembe. Hilo laumiza, hatukatai. Lakini mwenye kuvaa sare na mwenye kushika jembe ni mtu yule yule mbele za Mungu.

Pili, tuulize sababu. Huko Gasi mikoko ilikatwa sana zamani, na walioanza kuipanda upya waliona miche mingine ikichukuliwa na mawimbi. Haikutosha kusema, "Bahari imekataa." Ilibidi wajifunze ni mkoko wa aina gani unaofaa mahali gani, na maji hufika wapi. Tangu mwaka 2013 wanakijiji wa Gasi na Makongeni wanatunza hekta 117 za mikoko kwa mpango uitwao Mikoko Pamoja, na mapato yake yamesaidia maji na shule za vijiji hivyo. Hali kadhalika, kama tulianguka kwa kosa letu wenyewe, tulikiri na kulirekebisha. Na kama ni dhuluma, tusiifunike kwa kuiita mapenzi ya Mungu. Paulo alipoona haki yake iko hatarini, alikata rufani kwa Kaisari. Mtu aliyenyimwa malipo yake ya mwisho akienda kwa afisa wa kazi kwa heshima na kwa ukweli, hajapungukiwa na imani.

Tatu, tushone nyavu. Kusi ina kazi zake. Ndio wakati wa kujifunza ufundi, kulipa deni dogo dogo, kupatana na ndugu tuliyemsahau tulipokuwa na pesa, na kurudi kwenye maombi tuliyoyaacha kwa sababu ya zamu za usiku. Wahenga walisema, kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.

Lakini mtu atauliza, "Je, nisipofika kamwe?" Swali hilo ni la haki. Maandiko hayatuambii kama Paulo aliiona Hispania. Naye mmisionari Johann Ludwig Krapf, aliyefika Mombasa mwaka 1844, alitaka kuwafikia Waoromo na kuweka vituo vya Injili kukata bara zima la Afrika. Julai ya mwaka ule ule alimzika mkewe Rosina na mtoto wao mchanga. Jamani, mke na mtoto si shehena. Kuna hasara ambazo haifai kuambiwa mtu azitupe baharini. Hizo huchukuliwa moyoni mpaka siku ya ufufuo. Krapf aliendelea. Mwaka 1850 alisafiri kwa chombo akiifuata pwani yetu hii kwenda kusini. Mwaka 1853 aliondoka afya imeharibika, na vile vituo vyake havikujengwa kama alivyotamani. Lakini huko kwao hakuacha kazi ya lugha. Kamusi yake ya Kiswahili ilipigwa chapa mwaka 1882, mwaka mmoja baada ya yeye kufa. Hakufika alikotaka, lakini kazi yake iliwafaa waliomfuata.

Kwa hiyo, wasikilizaji, tushike shabaha zetu kwa mkono wenye nguvu, na shehena tuishike kwa mkono ulio tayari kuachia. Mungu hakutuahidi kwamba kila mpango wetu utafaulu. Ametuahidi kwamba hatatuacha, na ahadi hiyo yaelea hata merikebu ikivunjika.

Tuombe.

Ee Bwana, uliyetuliza bahari, wakumbuke leo waliopoteza kazi, mazao na wapendwa wao. Utuondolee hasira ipofushayo na uvivu ujifanyao imani. Utupe hekima ya kujua la kuachilia na la kushika. Na kaskazi itakaporudi, itukute tuna nyavu nzima. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.